Sura ya Tisa: Uzi wa Nne

Majibu yaliyosubiriwa kwa wiki tano yalifika Jumatano asubuhi, na ukurasa wa kwanza haukumfaa mtu.

Mkaguzi wa Polisi Felista Silwimba aliusoma akiwa amesimama mbele ya meza ya Daktari Joshua Kibona, katika hospitali ile ile ya misheni alimofia Bibi Loisi Nzunda. Tumboni na inini mwa marehemu haikuonekana sumu ya panya, wala dawa ya kuulia wadudu wa mibuni, wala ile ya kuhifadhia mahindi. Felista akafunua ukurasa wa pili. Huo ulisema kwamba damu ya marehemu ilikuwa na madini ya kalsiamu kupita kiasi anachoweza kuishi nacho binadamu, na kwamba figo zake zilikuwa zimejaa chembechembe ngumu, nyeupe, mfano wa chokaa.

"Chokaa," Felista alisema.

Neno hilo ndilo lililompeleka Tumpe gerezani. Bibi Loisi, mjane wa miaka sabini na mmoja, mkulima wa kahawa wa Itaka, alianza kudhoofika mwezi wa Mei: kiu isiyokatika, kutapika, tumbo kufunga, na mwishowe akili kumruka. Siku moja kabla ya kukata roho, alimshika mkono mwanawe wa kwanza, Clement, akamwambia mbele ya wauguzi wawili, "Tumpe ananilisha chokaa." Tumpe alikuwa mkaza mwana wake, mjane wa marehemu Rabson, aliyekuwa akiishi naye na kumpikia. Felista mwenyewe ndiye aliyeipekua nyumba. Mwenyewe ndiye aliyeukuta ghalani mfuko wa chokaa ya shamba, ile inayotiwa mashinani mwa mibuni ili kupunguza ukali wa udongo, nao ulikuwa umefunguliwa na kuchotwa. Mwenyewe ndiye aliyemtia Tumpe pingu mbele ya binti yake wa miaka minane. Sababu ya kuua haikutafutwa mbali. Kulikuwa na ekari mbili za kahawa ambazo Tumpe alizilima kwa ridhaa ya mama mkwe wake tu, na Clement alikuwa amekwisha kusema kwamba mwaka huu zitarudi kwa ukoo.

Shtaka la mauaji halina dhamana. Tumpe alikuwa mahabusu tangu siku ile.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi," Felista alisema. Hakuonekana kufurahi.

Daktari Kibona alimwomba aketi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa polepole, kama anayehesabu matone ya dawa. Alieleza kwamba mtu akila chokaa, sehemu kubwa hupita na kutoka, kwa kuwa utumbo hauipokei yote. Ili kalsiamu iingie katika damu kwa wingi namna ile, ni lazima pawepo kitu kingine kinachoulazimisha utumbo kuipokea. Yeye alikishuku kitu hicho, akaituma Dar es Salaam chupa ya damu iliyobaki, ikafanyiwe kipimo cha pili.

"Vitamini D," alisema. "Mashine yao hupima mpaka kiwango fulani. Juu ya hapo huandika tu kwamba imezidi. Hapa wameandika imezidi."

"Chokaa ya shamba ina vitamini hiyo?"

"Haina hata chembe."

"Na jua?"

"Jua hujua kukoma, Mkaguzi. Hii ilimezwa. Ilimezwa kila siku, kwa miezi."

Felista alitoa daftari. Aliuliza ni dalili ipi inayotangulia, naye daktari akajibu kwamba hutangulia kiu na kukojoa. Mtu hunywa ndoo nzima na midomo yake ikabaki mikavu. Aliuliza pia iwapo mtu aliyekwisha kuimeza huweza kuokolewa. Zipo vitamini, daktari alisema, ambazo zikizidi hutoka na mkojo, na hasara yake ni ndogo. Hii haitoki. Hujificha katika mafuta ya mwili kama nafaka ghalani, na hata mtu akiacha kuimeza leo, mwili huendelea kuichota kwa wiki nyingi.

"Figo zikiwahi kuharibika?"

"Basi zimeharibika."

Felista alifunga daftari, akamwambia dereva wake, Koplo Gasper, amgeuzie gari kuelekea gerezani.

Tumpe aliletwa katika chumba cha mahojiano akiwa amejifunga khanga iliyofifia. Alikuwa amekonda kiasi kwamba mifupa ya shingo ilihesabika. Alimwamkia Felista kwa heshima, kama ilivyompasa, akaketi pembeni mwa benchi kana kwamba sehemu iliyobaki ilikuwa ya mtu mwingine.

"Nilipokukamata, nilikuuliza marehemu alikuwa akitumia dawa gani," Felista alisema.

"Ulinikuta sijala, lakini nakumbuka."

"Ulijibu kwamba hatumii."

"Ndivyo. Mama alikuwa hatumii dawa."

"Damu yake inasema alimeza kitu kila siku kwa miezi."

Tumpe alimtazama kwa mshangao usiokuwa wa kuigiza. "Afande unasema zile vitamini? Dawa ni ya mgonjwa. Mama alipoanza hizo alikuwa mzima, anapanda mlima na debe la buni kichwani. Zile zilikuwa zawadi za watoto wake. Ungeniuliza zawadi, ningekutajia."

Felista hakumkemea. Alimtaka azitaje sasa, moja baada ya nyingine, bila kuruka.

Tumpe alizitaja. Clement, mfanyabiashara katika mji wa Mpemba, karibu na Tunduma, alikuwa akimletea mama yake chupa za vidonge vyekundu vya kuongeza nguvu. Violet, aliyeolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikuwa akimletea vidonge vikubwa vyeupe vya kuimarisha mifupa. Deus, dereva wa malori ya masafa, ndiye aliyekuja mwisho. Mwezi wa Februari alishusha nyumbani katoni nzima ya vidonge laini, vya njano, vyenye mafuta ndani, mali aliyokusudia kuiuza Tunduma. Alimwambia mama yake aitunze katoni ile na yeye mwenyewe atumie, kwani ni nzuri kwa wazee. Katika nyumba ile mtoto haji mikono mitupu, na mama hakiweki kando kilichotoka mkononi mwa mtoto. Kukiweka kando ni kumwambia mtoto kwamba mwenzake anapendwa zaidi.

"Alikuwa akizimeza zote?"

"Kila asubuhi, baada ya sala. Anamtaja Clement, anameza cha Clement. Anamtaja Violet, anameza cha Violet. Anamtaja Deus, anameza cha Deus. Hamezi kabla ya kutaja jina."

"Kimoja kimoja?"

"Mwanzoni." Tumpe aliitazama mikono yake. "Katikati ya mwezi wa Machi tulipata habari kwamba Deus amekamatwa Zambia, lorini mwake mmekutwa bidhaa ambazo hazikuandikwa katika hati zake. Mama akasema mtoto aliye kifungoni huombewa asubuhi, mchana na jioni. Basi akawa anamwombea mara tatu."

"Na kumeza mara tatu."

"Angemwombea bila kumeza, angeona amemwombea nusu."

Koplo Gasper, aliyekuwa akiandika maelezo pembeni, aliinua kalamu na kuishusha tena.

Felista aliuliza juu ya chokaa. Aliuliza neno kwa neno, kama marehemu alivyolisema, na jina la mlishaji ndani yake. Tumpe hakukana. Alieleza kwamba wiki za mwisho vidonge vyeupe vya Violet vilimshinda mama kumeza, vikawa vinamkwama kooni. Alipoacha siku mbili, akasikia kwamba mjukuu wake wa Nakonde amevunjika mkono, naye akasema chanzo ni zile siku mbili. Tangu hapo Tumpe aliamriwa avitwange katika kinu kidogo cha vitunguu saumu na kumlisha kwa kijiko pamoja na uji.

"Vilikuwa na ladha ya chokaa hasa. Kila kijiko alikuwa akilalamika. Nami kila kijiko nilikuwa nikimwambia, Mama, maliza, bado jina la Violet."

"Na ile chokaa ya ghalani?"

"Ipo mashinani mwa mibuni, safu ya tatu hadi ya saba. Fukueni mtaiona."

Kisha Tumpe akauliza alichokuwa akitaka kuuliza tangu mlango ulipofunguliwa. Aliuliza kama Angel, binti yake, yuko bado Mpemba kwa baba yake mkubwa Clement. Felista alimwambia kwamba ndiko aliko.

"Wamesema nikifungwa, mtoto ni wa ukoo. Na nikitoka, je?"

"Ukitoka ukiwa huna hatia, ni wako."

"Afande, kutokuwa na hatia nilikuwa nako hata siku uliyonifunga."

Itaka walifika saa sita. Mzee Raphaeli, kaka wa marehemu, alikuwa peke yake uani, ameinama juu ya kichanja cha kahawa akiondoa punje mbovu. Felista alimwamkia.

"Marahaba," mzee alijibu bila kuinua kichwa. "Umekuja kuchukua mfuko wa pili wa chokaa? Tunao. Hata wa tatu upo, kwa jirani."

Felista alimweleza alichokijia. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akacheka kicheko kifupi kisicho na raha. Alikiri kwamba aliwahi kumtania dada yake kwamba ana duka la dawa tumboni. Dada akamjibu kwamba yeye anaona wivu, kwa kuwa watoto wake yeye humletea sukari tu.

Vidonge vilivyobaki, alisema, havikuwemo tena nyumbani. Siku ya kuondoa matanga, vitu vya marehemu viligawanywa kama desturi inavyotaka: vyungu kwa wakwe, nguo kwa dada zake wa kanisani, jembe kwa mwenye shamba. Vitamini hazikuwa na mwenyewe katika desturi, kwa kuwa babu zao hawakuziacha. Zilijadiliwa. Violet alichukua vya kwake. Katoni ya Deus ilikwenda Mpemba kwa Clement, siku ile ile mtoto alipokwenda.

"Mliwezaje kugawana kitu kilichokuwa ndani ya nyumba inayopelelezwa?"

"Mpelelezi alikuwa amekwisha kuchukua alichokitaka. Alitaka chokaa, akapewa chokaa."

Felista akaomba kuingia chumbani mwa marehemu.

Tumpe alikuwa amemwelekeza atazame nyuma ya mlango. Siku ya upekuzi mlango ule ulikuwa wazi, umeegemea ukuta, na hakuna askari aliyewaza kuufunga. Felista aliufunga. Ukutani kulikuwa na misumari minne iliyopangwa sawasawa, na katika mitatu zilining'inia nyuzi, ule uzi mnene wa kushonea magunia ya kahawa. Katika uzi wa kwanza vilikuwa vimetungwa vifuniko vyekundu vya chupa. Katika wa pili, vifuniko vyeupe. Katika wa tatu, karatasi tupu za vidonge, zile za bati zenye vijumba, zimetobolewa pembe na kutungwa moja juu ya nyingine mpaka zimefika sakafuni na kujikunja.

Mzee Raphaeli alikuwa amesimama nyuma yake. "Kila mtoto alikuwa na uzi wake. Akija kumwona mama, anaonyeshwa, ajue kwamba hakuna kilichotupwa."

"Na msumari wa nne?"

"Wa Rabson, baba yake Angel. Marehemu haleti kitu. Lakini uzi wake dada yangu aliuning'iniza vivyo hivyo, mtupu, asije akaonekana amemsahau." Mzee alisogea, akatazama vizuri. "Siku ya kugawana vitu haukuwepo. Sijui nani anahitaji uzi mtupu."

Felista aliushusha uzi wa Deus, akaulaza kitandani. Alichukua karatasi moja, akaigeuza. Kila karatasi ilikuwa na vijumba vinne, na chini ya kila kijumba kulikuwa na maneno madogo ya Kiingereza: wiki ya kwanza, wiki ya pili, wiki ya tatu, wiki ya nne. Kidonge kimoja kwa wiki. Karatasi moja ilikusudiwa kutosha mwezi mzima.

Alimwita Koplo Gasper, wakahesabu wote wawili, kila mmoja peke yake, kisha wakalinganisha. Karatasi tisini. Vidonge mia tatu na sitini. Tangu Deus aliposhusha katoni mpaka mama yake alipolazwa, anayefuata maandishi angekuwa amemaliza karatasi tano.

"Maandishi yapo," Koplo Gasper alisema. "Yangekuwa kwa Kiswahili, pengine asingekufa."

"Angekufa," mzee alisema. "Huyo ungemwandikia kwa Kinyiha ukutani, angekuuliza kama mwanawe amekaa kifungoni siku moja kwa wiki."

Felista alizitia nyuzi zote tatu katika mifuko ya vielelezo, akaandika tarehe, saa na mahali, akamtaka mzee atie sahihi. Mzee alitia, kisha akauliza nani sasa atakayekamatwa. Felista alisema hajamwona. Mzee akamwomba, kwa sauti ya mtu asiyezoea kuomba, kwamba habari hii isifike Zambia kabla Deus hajamaliza kifungo. Felista alisema kwamba jalada litasomwa mahakamani, na mahakama haina pazia.

Nyumba ya Clement ilikuwa hatua chache tu kutoka barabara kuu, mahali ambapo malori yaliyosubiri kuvuka mpaka yalijipanga tangu alfajiri. Clement alikuwa kibarazani na mkewe Fortunata. Aliposikia jina la Tumpe alimkatiza Felista.

"Ameungama?"

"Ameeleza."

"Kueleza na kuungama ni mamoja kwa mtu wa namna ile."

Felista alimweleza kwa utaratibu, kama anayesoma mbele ya hakimu: figo, damu, kipimo cha pili, nyuzi tatu. Katikati ya maelezo, binti mdogo alitoka ndani akiwa na kikombe cha bati. Alimwamkia Felista kwa kupiga goti, akaenda kwenye ndoo iliyokuwa pembeni mwa kibaraza, akachota, akanywa chote, akarudi ndani. Felista aliendelea. Vidonge vyekundu peke yake, alisema, visingemuua. Vyeupe peke yake visingemuua. Vya njano, kimoja kwa wiki, pengine vingemfaa. Vimemuua kwa pamoja, na kwa wingi, na hakuna aliyetia kimoja kinywani mwake kwa nia mbaya.

"Kwa hiyo muuaji ni Deus?" Clement aliuliza. "Au Violet? Au ni mimi niliyempa mama yangu vitamini?"

"Sina mtu wa kumtia pingu."

"Lazima awepo. Mama hafi hivi hivi tu."

"Jalada nitalipeleka kwa wakili wa serikali nikiwa nimependekeza Tumpe aachiwe."

Clement aliinuka. Alisema kwamba mahakama inaweza kumwachia, lakini Itaka haitamwachia, kwani kijiko kilikuwa mkononi mwake, na hilo hata yeye mwenyewe Tumpe halikani. Kahawa imekwisha kurudi kwa ukoo. Mtoto amekwisha kuandikishwa shule ya hapa. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayetaja majira ya mvua.

Binti alitoka tena na kikombe chake. Safari hii alikunywa viwili.

Fortunata alitaka kuyapunguza mazungumzo makali kwa mzaha. "Huyu mwenzetu tumboni ana samaki," alisema. "Ndoo tunajaza asubuhi, mchana imekwisha. Usiku ndiyo usiseme, godoro kila siku juani kama la kichanga. Na chakula hataki, ukimpa anarudisha. Nadhani ni majonzi."

Kalamu ya Felista ilisimama.

"Ile katoni," alisema. "Iko wapi?"

"Chumba cha watoto, juu ya kabati. Haijauzwa, kama unadhani."

"Imefunguliwa?"

Fortunata alimtazama mumewe, kisha Felista. Alijibu kwamba imefunguliwa kidogo, kwa ajili ya Angel. Mtoto mwenyewe aliomba, siku ya kwanza tu alipofika, akasema bibi yake alikuwa navyo kila siku. Nao waliona si vibaya. Ni vitamini, si dawa, na mtoto aliyefiwa na baba, kisha na bibi, na mama yuko gerezani, utamnyima vitamini?

Felista alikuwa amekwisha kuinuka. Angel alikuwa ameketi sakafuni chumbani, amekiegemea kitanda, macho yamemlegea. Felista alichuchumaa mbele yake. Alimwuliza, kwa sauti ambayo Koplo Gasper hakuwahi kuisikia kwake, vile vidonge vya njano huvitumia lini.

"Nikimwombea mama."

"Mara ngapi?"

"Asubuhi, mchana na jioni." Mtoto alishangaa kuulizwa jambo lililo wazi. "Mtu aliye kifungoni huombewa mara tatu. Bibi alisema."

"Huwa unasahau?"

"Sisahau. Njoo uone."

Alitia mkono chini ya godoro lililokuwa bado na unyevu, akatoa uzi mnene wa kushonea magunia. Katika uzi huo zilikuwa zimetungwa karatasi tupu za bati, zimetobolewa pembe, moja juu ya nyingine, kwa unadhifu uleule. Alisema uzi ulikuwa wa baba yake, haukuwa na kitu, akauchukua, nao sasa ni wa mama. Mama akija ataonyeshwa, ajue kwamba hakuna siku iliyorukwa.

Felista aliupokea, akahesabu. Hakumwita mtu wa kulinganisha naye. Kisha alitoka hadi mlangoni, akampigia simu Daktari Kibona, akamweleza umri wa mtoto na kiu yake na kutapika kwake.

"Mlete sasa hivi," daktari alisema. "Msimpe maziwa. Maji akitaka mpeni."

"Atapona?"

"Umehesabu ngapi?"

"Karatasi ishirini na sita. Vidonge mia moja na vinne, katika wiki tano."

Kwa muda lililosikika ni lori moja tu likiwasha injini barabarani.

"Mlete, Mkaguzi," daktari alisema.

Clement alikuwa amesimama ukumbini. Mkononi alikuwa ameshika karatasi moja ya vidonge, akiisogeza mbali na macho na kuirudisha karibu, akijaribu kuyasoma yale maneno madogo. Koplo Gasper alikimbilia gari. Felista alimfunga Angel shuka, akambeba, na mtoto, aliyekuwa mwepesi kuliko miaka yake minane, akaweka kichwa begani mwake na uzi mkononi.

"Tunakwenda kwa mama?"

"Tunakwenda hospitali kwanza."

"Mama atatoka?"

"Mama yako hana kosa," Felista alisema. "Imekwisha kujulikana leo. Atatoka."

Angel aliinua kichwa, akautazama uzi wake kwa muda, karatasi kwa karatasi, kutoka juu hadi chini.

"Basi maombi yamejibiwa," alisema, akaomba maji.